Ngazi ya Mnara wa Sheshe

Beno alikutwa amelala kifudifudi chini ya mnara, shingo imepinda vibaya. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, Mei 1996, na mgeni wa wafadhili alikuwa anatarajiwa kijijini Namihanga Jumatano.

Mnara wenyewe ulikuwa wa miti, umejengwa ukingoni mwa mbuga ya Kilombero kwa fedha za ruzuku. Watalii wangepanda juu, waangalie sheshe, wale swala wekundu wa bondeni, walipe, kijiji kipate. Kwa ahadi hiyo watu walikuwa wameyaacha mashamba yao ya mpunga yageuke malisho ya sheshe. Beno alikuwa mlinzi wa eneo hilo. Sasa alikuwa maiti yenye siafu.

Inspekta Yosefina alifika kutoka Ifakara kwa Land Rover iliyonasa topeni njia nzima. Hakuwa na hamu ya porojo.

"Nani alimwona kwanza?"

"Mimi." Alikuwa mzee Fridolin, mwenyekiti wa kamati ya mradi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Ulimwona vipi?"

"Jana jioni natoka kwenye nyavu zangu, nikamwona Makoye anashuka mnarani, huyo, mbio kuelekea kwenye ng'ombe wake. Sikutilia maanani. Leo napita hapa, nakuta hivi."

"Uligusa chochote?"

"Hata. Nimeita watu tu."

Makoye, mfugaji wa Kisukuma, alikuwa ameshafungwa kamba na wanakijiji. Wiki iliyopita Beno alikamata ng'ombe wake ndani ya hifadhi, na Makoye alimwambia mbele ya watu kwamba atamtambua.

"Kesi imekwisha, afande," alisema Koplo Valentino. "Huyu ni wa kunyongwa."

Makoye alisikia.

"Nilimtukana, mayo," alimwambia Yosefina, akimwita mama kwa Kisukuma. "Kuua, hapana. Jana nilikuwa zizini, ng'ombe anazaa."

"Nani alikuona?"

"Ng'ombe."

Valentino alicheka. Yosefina hakucheka. Akamweka Makoye mahabusu, kwa sababu ushahidi uliokuwepo ulikuwa ni huo, na akapeleka maiti hospitalini.

Daktari alisema marehemu alivunjika shingo kwa kuanguka. Hakunywa pombe. Kucha ziling'oka, na ndani ya vidole kulikuwa na vibanzi vya mti.

"Aling'ang'ania uzio wa juu," daktari alisema. "Mtu aliyeteleza haning'inii namna hiyo."

"Alisukumwa."

"Hilo ni lako, afande."

Yosefina alimgeukia koplo. "Ngazi ilikuwa wapi?"

"Ilikuwepo. Imelazwa majanini, chini ya mnara."

"Nani aliilaza?"

"Hakuna. Tuliikuta hivyo."

Yosefina alizaliwa Lipangalala, hapo hapo Ifakara. Kila msimu mama yake alimpeleka shamba, wakalala kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti cha kulindia mpunga. Akaagiza gari liandaliwe.

Jumanne asubuhi walirudi Namihanga na Makoye. Mzee Fridolin aliitwa. Ngazi ilikuwa imesimamishwa tena.

"Makoye, panda, halafu ushuke."

Koplo alimfungua pingu, Makoye akapanda. Alishuka, akasogea pembeni akijifuta jasho, akafungwa tena. Ngazi ikabaki imesimama pale pale.

"Mzee, nawe tusaidie. Blanketi la marehemu liko juu. Nduguze wanalitaka."

Fridolin alipanda bila shida, akashuka na blanketi begani. Alipotua chini, akaishika ngazi, akaing'oa, akailaza majanini chini ya mnara. Akajipangusa mikono.



"Nani amekuambia uilaze, mzee?" Yosefina aliuliza.

Fridolin aliitazama ngazi. "Si ndivyo inavyofanywa? Ukiiacha imesimama, ngedere wanapanda, watoto wanapanda."

"Ndivyo. Hata mama yangu alifanya hivyo. Ukishuka kwenye dungu na juu humwachi mtu, unalaza ngazi. Mkono unafanya wenyewe." Alimwonyesha Makoye. "Huyu analala chini, na ng'ombe. Umesema alishuka, mbio. Aliilaza saa ngapi?"

"Labda Beno..."

"Beno alikuwa juu. Aliyemsukuma alishuka kwa ngazi hii, akailaza, akaenda zake. Na wewe unasema hukugusa kitu, ila Makoye ulimwona. Ulimwona kweli?"

Mzee alikaa chini, blanketi mapajani.

"Sikumwona," alisema.

"Kwa nini, mzee?"

"Beno alisema sheshe wamekwisha. Amekaa juu masika yote, anaona mmojammoja tu. Mgeni akimuuliza, atamwambia. Nikamwambia, baba, sema wapo wengi, ruzuku ya pili itoke. Akasema yeye anakomunika kanisani, hadanganyi mtu. Mwanangu, hawa watu wameacha mashamba kwa mdomo wangu. Dada yangu Digna anaomba mihogo kwa majirani. Ruzuku ikikatika, wale nini? Tukashikana. Sikupanga afe."

"Na Makoye?"

"Jina lake lilikuwa midomoni mwa watu tayari."

Yosefina alimhurumia, na huruma ile ikamuudhi, kwa sababu Makoye alikuwa amesimama pale pale na pingu.

"Mfungue," alimwambia koplo.

Jumatano mgeni alifika kituoni kutoa pole. Aliitwa Gladness, afisa wa shirika la wafadhili.

"Ungemuuliza mlinzi kuhusu sheshe?" Yosefina alimuuliza.

"Ningemuuliza."

"Akisema wamekwisha?"

"Tunajua wanakwisha, afande. Ndiyo maana tunatoa ruzuku. Wangekuwa wengi, tungetoa pesa za nini? Nilikuja kuhakikisha kama mashamba yameachwa kweli."

"Yameachwa."

"Basi ingetoka. Sasa kuna mtu amekufa, mwenyekiti yuko ndani. Wakubwa wangu wataufunga mradi."

Yosefina alikwenda mahabusu. Fridolin alisimama.

"Mgeni kasemaje?"

Angeweza kumficha. Hakumficha. Alimweleza neno kwa neno, na mzee alisikiliza ameshika nondo.

"Kwa hiyo Beno angesema tu."

"Angesema tu, na ruzuku ingetoka."

Fridolin aliziachia nondo.

"Dada yangu Digna asiambiwe hilo," alisema.

"Ataambiwa mahakamani, mzee. Atakuwa amekaa mbele."