Mfalme Mtoto Aliyetaka Koo

Katika dakika moja ya ukimya aliyoirekodi fundi sauti, kulikuwa na mtu anapumua.

"Dada, hebu sikiliza hapa," fundi alimwambia mchoraji, akimvisha vipokea sauti masikioni. "Chumba kilikuwa kitupu. Niliwasha mashine, nikafunga mlango mwenyewe, nikaenda kunywa chai. Sasa huyu nani?"

Mchoraji alisikiliza. Zilikuwa pumzi ndogo za haraka, za mtoto aliyetoka kukimbia. Akavua vile vipokea sauti na kusema ni feni tu. Alijua si feni.

Kila chumba kina ukimya wake, ndivyo wasemavyo watu wa kurekodi. Kabla ya kufunga kazi, hurekodi dakika moja ya chumba kitupu, kisha huutandika ukimya huo chini ya maneno ya mwigizaji ili pasisikike mapengo. Sharti ni moja: asiingie mtu. Mchoraji aliingia. Ni kweli taa nyekundu ya mlangoni ilikuwa imeungua tangu Jumatatu, lakini tusimtafutie visingizio. Alikuwa na donge lake na alitaka pa kulitapikia.

Donge lenyewe lilikuwa hili. Kwa miaka miwili alikuwa akimchora Mfalme Mtoto, adui mkuu katika mchezo wa kompyuta waliokuwa wakiutengeneza: kitoto cha miaka tisa, taji limemshuka hadi masikioni, kimeketi ndani ya kifua cha roboti refu kama jengo la ghorofa ishirini, kikichoma miji kwa sababu kimeambiwa muda wa kucheza umekwisha. Alimchora kope kwa kope, ukucha kwa ukucha. Halafu akaletwa wifi yake, dada wa mumewe, mwenye kipaji cha kuigiza sauti za watoto. Wifi akasimama mbele ya maikrofoni asubuhi moja, akasema, "Pigeni magoti, bado sijamaliza kucheza!" na ofisi nzima ikapagawa. Tangu hapo mfalme akawa wa wifi. Hata mumewe, wageni wakija nyumbani, alijigamba, "Yule mfalme ni dada yangu!" wakati mkewe amekaa papo hapo na vidole vimekufa ganzi kwa kuchora.

Ndiyo maana aliingia katika kile chumba, akaitazama picha ya mfalme iliyobandikwa kwenye kioo, akaiambia: "Mimi ndiye niliyekuzaa. Mnyang'anye yule sauti, uwe wangu peke yangu."

Kwenye rekodi maneno hayo hayakuwamo. Palipopaswa kuwa na maneno yake palikuwa na zile pumzi.

Fundi aliiamini habari ya feni, akautandika ukimya ule chini ya kila sentensi ya mfalme. Kesho yake wifi aliamka bubu.

Daktari alimmulika koo na kusema ni zima kabisa. Wifi akaja ofisini na daftari, macho yamemvimba, akamwandikia mchoraji: *Wifi yangu, nisaidie. Usiku na mchana nasikia mtu akilitumia koo langu mahali fulani.* Mchoraji alisoma, akamshika mkono, akasema, "Pole, wifi, utapona." Na hapa pana aibu yenyewe: ndani ya moyo wake, kabla ya huruma, ilipita furaha ndogo.

Furaha hiyo haikumaliza siku. Saa tisa alasiri, jua likiwa bado kali dirishani na wenzake wakibishana ukumbini, alisikia harufu ya maziwa yaliyochacha, kama ya nguo ya mtoto aliyecheua, ikitoka kwenye kompyuta yake, na alipoinua macho aliona roboti limesimama katikati ya mji unaoungua ingawa hakuwa ameuwasha mchezo, na kifua chake kikafunguka taratibu bila kuguswa, na yule mtoto aliyekuwa ameketi ndani, ambaye yeye mwenyewe alimchora akitazama chini mjini, akageuza shingo polepole hadi akamtazama yeye usoni.

"Mama," alisema, kwa sauti ya wifi. "Nimemnyang'anya. Mbona hunisifu?"

"Mrudishie," mchoraji alinong'ona.

"Nikimrudishia watampenda yeye. Mimi sitaki wewe upendwe kidogo kuliko yeye." Taji likamteleza, akalisukuma juu. "Na yule mwanamume wa nyumbani unayelala naye? Naye nimnyang'anye pumzi, tubaki wawili?"

Mchoraji alitoka mbio, kiatu kimoja kikabaki chini ya meza.

Fundi sauti, aliposimuliwa, hakucheka. Alimleta mganga, mwanamke mnene mwenye cherehani mtaa wa pili, aliyefika na futi ya kupimia bado shingoni. Mganga alinusa chumba, akaitazama skrini, akamgeukia mchoraji.

"Jini hana koo, mwanangu. Husubiri mwenye wivu ampe ruhusa. Ruhusa umetoa wewe. Mwambie wifi yako usoni, bila kuzungushazungusha, kisha kifute hiki kwa mkono wako. Usibakize hata ukucha."

Mchoraji akamtazama wifi, aliyekuwa amesimama mlangoni na daftari lake. Alikuwa tayari kusema ni uchovu. Ulimi ulikataa.

"Nilikuonea wivu," alisema. "Niliomba upotelewe na sauti. Na ulipopotelewa, nilifurahi."

Wifi alifumba macho. Mchoraji akaanza kufuta, picha moja baada ya nyingine, mikono, mashavu, kope, huku spika zikilia "Mama! Mama, unaniumiza!" kwa kilio ambacho kila mtu mle ndani alikitambua kuwa ni cha mtoto kweli, hata bosi akaziba masikio, hata mganga akakaa chini, mpaka roboti likabaki na kifua kitupu na spika zikanyamaza.

Wifi akakohoa. "Wi... wifi," alisema. Kisha, wazi kabisa: "Yaishe, wifi yangu."

Ofisi ililipuka kwa shangwe. Fundi alilia. Bosi alimnyanyua wifi juu juu. Mume wa mchoraji, aliyekuwa amefika mbio, alimkumbatia dada yake, akasema, "Sauti ya dhahabu hii! Mungu mkubwa!" Wakamzunguka, wakamwomba aseme hili, aseme lile. Hakuna aliyemtazama mwanamke aliyeketi mbele ya skrini yenye roboti tupu, miaka yake miwili imekwenda.

Lile donge likampanda tena kifuani. Akajaribu kulimeza, likakataa.

Pumzi ndogo ikamgusa kisogoni.

"Mama," alisikia, si kwenye spika. "Nimnyang'anye tena?"

Alitakiwa kusema hapana. Alichelewa.