Valvu ya Nne ya Silvanus

"Mgonjwa anasafiri saa tisa," Nyah, mkuu wake wa upelelezi, alisema kwenye simu. "Mzuie."

Kipkemboi alikata simu yake ya Nokia, akakanyaga mafuta. Saa nane na dakika kumi mchana. Annandale, Virginia, Juni 2004.

Mgonjwa, kwa lugha yao ya siri, ni filamu ndogo yenye anwani mpya ya Edah, mtunza wazee wa Rockville aliyetoa ushahidi dhidi ya wauza silaha. Ilikuwa mikononi mwa Silvanus, mwenye gereji. Ikipaa leo kwenda kwao, Edah haioni Jumapili.

Angepaswa kuogopa. Wapi! Tangu amzike mkewe mwezi Machi, Kipkemboi hahisi kitu, hata chai anainywa ikichemka.

Gerejini, Silvanus alikuwa katikati ya magari ya zamani, akifunga kasha la valvu nne za ekzosi, za kutolea moshi, za Peugeot 404.

"Nauliza valvu kama hizo, mzee. Gari langu linaziunguza kila mwaka."

"Hizi zina mwenyewe, zinakwenda uwanja wa ndege. Nikeli na kromiamu, bwana. Moto utazilamba miaka kumi na zisibabuke."

"Nizione tu."

Fundi gani hapendi vyuma vyake vitazamwe? Silvanus akafungua kasha.

Kipkemboi akatoa sumaku mfukoni. Kule Nakuru alikojifunza ufundi, hununui valvu ya ekzosi kabla ya kuigusisha sumaku. Ile ya kweli, yenye nikeli nyingi, haishiki. Ya bandia inashika.

Ya kwanza haikushika.

Ya pili. Ya tatu.

Ya nne ikang'ang'ania.

"Hii mbona ni chuma cha kawaida, mzee?"

Silvanus akavuta kasha. Chuma kizuri kinasumbua kutoboa, naye alikuwa na haraka, basi valvu ya kufichia filamu alikuwa ameichonga kwa chuma laini. Mkono wake ukaelekea kwenye droo.

Bastola ya Kipkemboi, Glock 19, ilikuwa imeshamtazama usoni.

"Usijisumbue."

Kipkemboi alimfunga pingu, akafungua kizibo kwenye shina la valvu. Filamu ikatoka.

"Umejuaje?" Silvanus aliuliza.

"Nakuru wangekucheka."

Akampigia Nyah. "Mgonjwa amelazwa. Tuma watu."

"Umeumia?"

"Sidhani."

Walipomchukua Silvanus, Kipkemboi alitembea taratibu kuelekea garini. Simu ikalia. Edah.

"Kaka, kesho niende job, ama nihame tena?"

"Nenda kazini."

Edah akaangua kilio. Kipkemboi alisimama juani, akamsikiliza mpaka akamaliza, akamwonea wivu kwa machozi yake.