Nusu ya Bibi Toki

Nusu ya kidonge haikuwepo.

Nobue aliinama mbele ya kabati la marehemu, lile la kuwatolea wafu wa nyumba sadaka, akakitazama kijisahani cha shaba alichokiweka saa moja asubuhi. Kibakuli cha wali kilikuwa palepale, wali umepoa na kukauka juu. Ua lilikuwa palepale. Ila ile nusu ya kidonge, nyeupe, ndogo kama punje ya mchele, haikuonekana. Akapapasa mkeka kwa kiganja. Akasema moyoni, panya huyo, akaenda zake kuanika nguo.

Mtu mwingine angalau angeshangaa. Nobue alikuwa hajashangaa kitu kwa miaka kumi na saba. Dawa hiyo alianzishiwa na daktari mzee wa mtaani mabega yalipomkaza, wakati ule anamuuguza mama mkwe wake, Bibi Toki, aliyelala kitandani miaka sita akigonga sakafu kwa fimbo kila alipotaka kitu, na kila saa alitaka kitu. Mabega yakalegea. Moyo nao ukalegea humohumo. Bibi Toki alipokufa, Nobue alipika, akapokea wageni, akaosha vyombo, hakutoa hata chozi, na ndugu wa mume wakamsifu kwa uvumilivu. Haukuwa uvumilivu. Habari ya kifo ilifika masikioni ikaishia hapo. Miaka kumi na mmoja imepita tangu siku hiyo, na kila jioni aliendelea kumeza kidonge kimoja na kulala kama gogo. Mumewe, Teruo, kazi ilimhamishia Osaka, akawa anarudi mara moja kwa mwezi na begi la nguo chafu. Naye hakuona tofauti yoyote kwa mkewe, au aliiona akaipenda.

Aliyeona ni binti yao, Misato, ambaye ni nesi Nagoya. Mwaka jana alikuja kuwasalimu, akaenda kuoga, na aliporudi akakuta jiko limejaa moshi, sufuria ya maharage imeungua mpaka chuma kimekuwa chekundu, king'ora cha moshi kinapiga kelele ukutani, na mama yake ameketi chini ya hicho king'ora, amelala. Misato hakugomba. Alifungua madirisha, akasubiri mama yake aamke. Miezi michache baadaye akapiga simu kusema ana mimba, na kwamba angependa kuja kujifungulia nyumbani kwa mama na kukaa mwezi mmoja, kama mabinti wa kwao wafanyavyo.

"Lakini siwezi kumlaza mtoto karibu na mtu asiyesikia king'ora," alisema. "Mimi hizi dawa nazijua, Mama. Ukiziacha, nakuja. Usipoziacha, nitazalia kwa mama mkwe wangu. Sikutishi, nakwambia tu."

Nobue akajibu kwamba ataziacha. Alitaka kumsikia mtoto huyo akilia. Kati ya vitu vyote duniani, hicho ndicho kilichobaki ambacho bado alijua kwamba anakitaka.

Kliniki sasa ilikuwa ya mtoto wa daktari mzee, kijana mpole mwenye tabia ya kuomba radhi kwa makosa ya baba yake bila kuyataja. Alimwambia haraka haraka haina baraka. Mwili uliozoea kitu miaka kumi na saba, ukiukatia ghafla, utafanya fujo. Mwezi wa kwanza ale nusu, wa pili robo, wa tatu kichembe, wa nne basi. Akampa kikata vidonge cha plastiki, chenye wembe ndani.

Sasa, katika nyumba ile, tangu enzi za Bibi Toki, hakuna kilicholiwa kabla hakijapita kwa marehemu. Tikiti la kwanza la kiangazi, keki ya jirani, cheti cha shule cha Misato, vyote vilikaa kwanza kwenye lile kabati la dhahabu, kengele ikagongwa, mikono ikafumbwa. Na hakuna kilichotupwa. Bibi Toki aliwahi kumkalisha Nobue chini nusu saa nzima kwa ajili ya mkia wa figili. Basi siku ya kwanza Nobue alipokikata kidonge akabaki na nusu mkononi, mkono ulikataa kuitupa. Akaiweka kwenye kijisahani, kando ya wali. Ikatoweka. Kesho yake akaweka nyingine.

Mwezi wa pili yeye alikula robo, robo tatu zikaenda kwenye kijisahani. Mwezi wa tatu alilamba kichembe, kidonge karibu kizima kikaenda kwenye kijisahani. Kadiri yeye alivyopunguza, ndivyo kule kulivyoongezwa. Hesabu hiyo hakuifanya. Kichwa kilikuwa na mambo yake.

Maana fujo aliyoahidiwa ilikuja. Masikio yalivuma. Mwanga wa theluji ulimchoma macho, akawa anatembea ndani na miwani ya jua. Ngozi ilitambaliwa na sisimizi wasioonekana, miguu ikawa haitulii, vidole vikikwaruza mkeka vyenyewe, mara tatu, kituo, mara tatu, na koo likakauka hivi kwamba aliota visima. Alijifunza namna ya kuishi nayo. Maji baridi kwenye viganja. Chai ya shayiri kwa mafunda madogo, kwa kuwa maji matupu yalimzidishia mtetemeko. Kutembea mpaka darajani na kurudi. Kujiambia, hili ni wimbi, litapita. Mawimbi yalipita. Siku moja mwishoni mwa mwezi wa tatu alisikia theluji ikidondoka kutoka paani, akagundua kwamba ameisikia. Hakufurahi, ila alisimama akaisikiliza mpaka ikaisha.

Daktari akafunga faili, akampongeza. Vidonge vikakoma. Kijisahani kikabaki kitupu.

Siku ya tatu, saa kumi alasiri, Nobue alikuwa anamenya viazi vitamu alipopata harufu ya kafuri na plasta za maungo. Ndani ya nyumba ile plasta zile alizibandika mtu mmoja tu. Akaacha kisu, akasikiliza. Kutoka chumba cha mikeka minene, lilimokaa kabati, ilisikika sauti ya kucha juu ya ubao, kwaru, kwaru, kwaru, kisha kimya, kisha tena.

Alipofika, milango ya kabati ilikuwa wazi. Aliifunga. Alasiri iliyofuata ilikuwa wazi tena, na kile kijisahani kilikuwa kimelambwa mpaka shaba inang'aa kama mpya. Siku ya tano kitu kilianza kutembea humo chumbani, kwa magoti, kwa kujikokota, kikienda mpaka dirishani na kurudi mpaka kabatini, na mikeka ikawa inabonyea mbele ya macho yake, shimo moja, shimo la pili, bila mtu juu yake, harufu ya kafuri ikizidi, na Nobue amesimama mlangoni ameshika fremu kwa mikono miwili, akijua kwamba anapaswa kukimbia na miguu haikumbuki jinsi ya kukimbia, mpaka kile kitu kikasimama mbele yake hasa, karibu kiasi kwamba nywele zake ziliguswa na pumzi, na sauti kavu, ya chini, sauti ambayo hakuisikia kwa miaka kumi na mmoja, ikasema, "Maji."

Nobue alirudi jikoni, akamenya viazi vya jioni. Moyoni palikuwa baridi tu.

Akampigia daktari, akauliza kama mawimbi huweza kurudi. Daktari akasema huweza, akauliza kama anasikia sauti zozote. Akajibu hapana. Mficha uchi hazai, lakini ukisema unasikia sauti unarudishiwa dawa, na dawa ikirudi Misato haji.

Akamwita mtawa wa hekalu lao. Mtawa alikuja na kitabu chake, akasoma, akagonga kengele, akaketi kunywa chai. Nobue akamweleza kwa sauti ya chini. Mtawa akatabasamu kama anayesahihisha mtoto.

"Mama Nobue, kwetu sisi marehemu habaki nyumbani. Siku ileile ameshafika kwenye Nchi Safi, peponi kwa Buddha. Ndiyo maana hata maji hatumwekei, huko aliko maji ni tele."

"Huyu anaomba maji."

"Basi si wa kwetu," akasema mtawa.

Nyuma yake milango ya kabati ikafunguka polepole, wa kushoto kisha wa kulia, na kutoka ndani ikatoka kwaru, kwaru, kwaru. Mtawa hakugeuka. Aliweka kikombe chini, akasema amekumbuka ana mazishi, akaondoka bila mwavuli.

Nobue alibaki ameketi, anasikiliza. Mara tatu, kituo. Mara tatu, kituo. Akajitazama vidole vya miguu. Ndipo akaelewa, na kuelewa kwenyewe kulikuja bila mshindo. Huyu hakuwa na hasira. Huyu alikuwa anaumwa. Miezi mitatu amelishwa, kila mwezi zaidi, kisha siku moja kijisahani kikaletwa kitupu. Alichokatazwa Nobue kuufanyia mwili wake, amemfanyia mama mkwe wake.

Tuseme ukweli, hakukimbilia kumsaidia. Siku mbili nzima alipika na kufagia huku yule akijikokota, na ndani yake kitu kidogo kikasema, acha naye aone. Miaka sita ya fimbo si michache. Lakini siku ya tatu redio ya jikoni ilianguka, kioo cha dirisha kikapasuka, na kisu cha viazi akakikuta katikati ya chumba walichopanga kumlaza mtoto. Misato angefika baada ya siku nane.

Akaenda kliniki. Alimwambia daktari kwamba imemshinda, anaomba aanze upya. Daktari akasema si aibu, hutokea, na huruma ya sauti yake ilikuwa nzito kuibeba kuliko tusi. Kesho yake saa moja asubuhi Nobue akaweka kidonge kizima kwenye kijisahani. Nyumba ikatulia kabla ya saa mbili. Siku tatu akampa kizima, kisha akachukua wembe. Alasiri, miguu ya yule ilipoanza, aliketi kando ya mkeka uliobonyea, akamwekea chai ya shayiri kwenye kikombe kidogo.

"Ni wimbi, Mama," alimwambia. "Litapita. Mimi limenipita."

Siku nne baadaye Misato alikuja, tumbo mbele, miguu imevimba. Kama alivyolelewa, alikwenda kwanza kuwasalimu marehemu. Nobue alikuwa jikoni. Alisikia kengele ikigongwa. Misato akarudi na kijisahani mkononi. Juu yake palikuwa na robo tatu ya kidonge, iliyochelewa kuwekwa siku hiyo kwa pilikapilika za mapokezi.

"Uliniahidi," alisema.

"Si vyangu."

"Vya nani basi? Vya baba, yuko Osaka? Mama, nimeshazunguka wodi zote, wanaosema si vyangu nawajua."

Nobue alipima majibu mawili. Angesema vya marehemu, Misato angeona kwamba dawa imekula na akili. Angesema vyake, Misato angeondoka. Akanyamaza, na Misato akasoma kimya hicho alivyoweza. Jioni alizungumza na mumewe kwa simu, kwa sauti ya chini. Kesho asubuhi teksi, treni ya saa nne, Nagoya.

Iliuma. Nobue alishangaa kwamba inauma. Ilianzia chini ya mbavu ikapanda mpaka kooni, na hakukuwa na kitu chochote kati yake na maumivu hayo. Alilia juu ya mchele aliokuwa anauosha, kimyakimya, kisha si kimyakimya, na hakujua kama analilia mjukuu au kilio kile cha miaka kumi na mmoja ndicho kilichokuwa kimepata njia.

Asubuhi saa tatu teksi ilikuwa nje. Misato aliketi kwenye ngazi ya mlangoni, anahangaika kuingiza mguu kwenye kiatu, mama yake ameshika begi. Kiatu cha kwanza kikaingia. Misato akainua kichwa.

"Mama. Chumbani kuna mtu anaomba maji."

Nobue aliweka begi chini. "Usimpe," alisema. "Maji matupu yanamzidishia mtetemeko. Mpe chai ya shayiri, kidogo kidogo."

"Ni nani?"

"Bibi yako."

Kutoka chumbani ikasikika kwaru, kwaru, kwaru, na harufu ya kafuri ikafika mpaka mlangoni. Misato akaupeleka mkono tumboni. Nobue akamweleza yote, tangu nusu ya kwanza, kwa maneno machache, kama mtu anayekabidhi zamu. Dereva alipiga honi mara moja. Misato alimtazama mama yake machoni muda mrefu, akaona kwamba macho yale, mekundu na kuvimba, yalikuwa yanamwona.

Akavua kiatu. Akafungua mlango, akampungia dereva aende.

"Mara ya mwisho alikunywa dawa saa ngapi?" aliuliza. Swali lilikuwa la nesi.

"Saa moja. Robo tatu."

"Siku ya ngapi kwenye robo tatu?"

"Ya sita. Atakapofika mwisho, mtoto atakuwa na miezi mitatu."

Misato akatoa kijitabu na kalamu kwenye mfuko wa koti, akapiga mstari. "Mgonjwa lazima aandikwe," alisema. "Niweke jina gani, lake la zamani au lile alilopewa hekaluni alipokufa?"

Nobue akafungua kinywa.

"Andika Toki," ikajibu sauti ya chumbani. "Lile jingine sijalizoea."