Mume wa Kwenye Tovuti

"Sufuria ya presha, lita saba," aliita binti wa kaunta, na watu wawili wakasogea mbele kwa pamoja.

Ilikuwa siku ya soko mjini Wote, na duka la kupokelea vifurushi lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Palinuka jasho, machungwa na katoni mpya. Mwongeli alikuwa ametoka kazini mbio, bado amevaa sketi yake ya buluu na blauzi nyeupe, kitambaa cha njano kichwani kimeanza kulegea. Aliyesogea pamoja naye alikuwa mwanamume mrefu wa miaka arobaini hivi. Ovaroli yake ya kijivu ilikuwa imeingia mafuta magotini, lakini kola ya shati la ndani ilikuwa imepigwa pasi ikasimama. Mwanamke huyaona mambo kama hayo hata akiwa na haraka.

"Iko moja tu," alisema binti wa kaunta. "Hiyo ingine imebaki Machakos, itafika kesho kutwa. Nani anapatiwa?"

"Patia huyu madam," alisema yule mwanamume. "Mimi nimekula ndengu ngumu miaka sita. Siku mbili haiwezi niua."

"Na umetoka wapi?" aliuliza Mwongeli.

"Kambu."

"Kambu yote hiyo, halafu urudi tena kesho kutwa? Chukua tu."

"Madam, tukiendelea kubishana hawa watu watatupiga." Waliokuwa kwenye foleni walicheka, naye akainama kidogo kumsemesha kwa sauti ya chini. "Hata si mimi nilijua hii kitu. Kuna mama mmoja anaandika kwa mtandao, Meza ya Wawili. Unamjua? Anasema hata muthokoi, na ugumu wote wa hayo mahindi, inaiva na dakika arobaini. Nikasema huyo hawezi danganya, venye anaandika juu ya bwanake. Hiyo nyumba ina raha."

Masikio ya Mwongeli yalipata moto. "Simjui," alisema.

Huo ulikuwa uongo wake wa pili. Wa kwanza ulikuwa na miaka mitatu.

Mama wa Meza ya Wawili alikuwa yeye mwenyewe, karani wa shule ya upili nje kidogo ya Wote, mwenye umri wa miaka thelathini na saba, nyumba ya vyumba viwili, na meza ambayo haijawahi kukaliwa na wawili. Alianzisha tovuti ili kuongezea mshahara. Mpango ulikuwa rahisi. Aliandika mapishi, akaisifu sufuria au jiko alilotumia, kisha akaweka linki ya duka la mtandaoni. Msomaji akiibonyeza na kununua, duka linamkatia Mwongeli kamisheni. Mwaka wa kwanza aliandika ukweli: nimepika, nimekula, nimeosha vyombo. Hakuna aliyebonyeza. Nani atanunua sufuria ya lita saba kwa ushauri wa mtu anayekula peke yake?

Halafu jioni moja, bila kupanga, aliandika kwamba mzee wake ameomba sahani ya pili. Wiki hiyo zilinunuliwa sufuria nne.

Basi mzee akahamia. Akawa hali vitunguu vibichi. Akawa anakoroma kidogo akishiba, na anapenda kukaa jikoni kwenye kiti cha plastiki akisimulia siku yake ilivyokwenda. Kila picha ilikuwa na vikombe viwili vya chai, na Mwongeli alivinywa vyote. Alipotaka kuuza masufuria makubwa ya sherehe, aliandika makala ndefu juu ya siku mzee alipoleta mbuzi wa ntheo kwa wazazi wake. Kila Mkamba aliyesoma alielewa: mbuzi hao wakishapokelewa, huyo ni mke wa mtu, maneno yamekwisha.

Nisimsingizie kwamba alifanya yote kwa tamaa ya kamisheni. Kulikuwa na jioni alizofika nyumbani akiwa na hamu ya kujua mzee leo atasema nini, na alipomaliza kuandika na kufunga kompyuta, nyumba ilinyamaza kuliko kabla hajaingia. Aliyajua hayo, na kesho yake aliandika tena.

Pale dukani katoni aliibeba yeye, maana sufuria yake ya zamani ilikuwa imekatika mpini. Mwanamume wa Kambu, jina lake Mbuvi, aliondoka na nambari yake ya simu, kwa kisingizio kwamba atamjulisha kama muthokoi imeiva.

Alipiga baada ya siku nne. Nyuma yake malori ya barabara ya Mombasa yalikuwa yakinguruma.

"Sufuria nilichukua. Lakini muthokoi imekuwa uji."

"Uliweka maji ngapi?"

"Venye huyo mama alisema."

"Alisema vikombe vinne. Wewe najua uliweka sita."

"Na umejuaje alisema nne, kama humjui?"

Mwongeli aliuma ulimi. "Nilienda nikamsoma, si wewe uliniambia."

"Eeh. Sasa umeona bwanake venye anatunzwa."

"Nimeona."

"Mimi nikimsoma huwa nafikiria, kumbe kuna watu wanaishi hivyo."

Akawa anapiga kila siku saa kumi na mbili jioni, akishafunga kibanda chake cha kutengeneza pampu za sola. Alimwita madam wa lita saba, baadaye kipenzi, na siku moja alipopata ujasiri alimwita mama watoto, kisha akakata simu kwa aibu na Mwongeli akalazimika kumpigia ili amcheke. Mara mbili walikutana Wote, wakanywa soda kwenye hoteli karibu na soko, na Mbuvi alisimama nje akimpungia mkono hadi Mwongeli alipopotea machoni. Mwongeli alijikuta akiimba akiandika barua za karo.

Siku moja Mbuvi alimweleza habari za mkewe, aliyeondoka miaka sita iliyopita na dereva wa lori.

"Kilichoniuma si kwenda. Watu huenda. Ni huyo jamaa. Alijua ameolewa, na bado akampigia simu. Mimi siwezi fanyia mtu hivyo, Mwongeli, hata awe adui yangu."

Angesema siku hiyo. Alifungua mdomo kabisa. Lakini mwanamke anaanzaje kumwambia mwanamume anayempenda kwamba amejitungia mume, akampikia miaka mitatu, akamnywea na chai? Alisema pole, wakaagana.

Aliamua kumweleza ana kwa ana, baada ya chakula. Alimwalika Jumapili mchana. Alipika muthokoi na ndengu, akavaa gauni la kitenge chekundu ambalo alikuwa hajapata pa kulivaa. Mbuvi alifika amevaa shati jeupe, amekumbatia tikiti maji kubwa.

"Weka hapo tu, ukae," alisema Mwongeli.

"Wacha nipeleke jikoni, ni nzito hii."

Aliingia. Mwongeli alimfuata akamkuta amesimama katikati ya jiko, tikiti bado mikononi, akilitazama pazia la kijani, kisha vikombe viwili vyenye maua kando ya dirisha, kisha kiti cha plastiki. Aliweka tikiti mezani. Akavuta droo ya kushoto bila kuuliza, akatoa kijiko, akakirudisha.

"Hii jikoni naijua," alisema.

"Mbuvi, nilikuwa nataka kukuambia leo."

"Hiki ndio kiti chake."

"Hakuna mtu. Nilimtunga. Ni ya kuuza sufuria, watu wananunua wakiona kuna familia."

"Ulimtunga. Na mbuzi za ntheo?"

"Hata hizo."

Mbuvi alitikisa kichwa polepole. Hakuwa na hasira, na hilo lilimtisha Mwongeli zaidi. "Bibi yangu alimwambia yule dereva hivyo hivyo, mwanzo. Ati hakuna mtu nyumbani. Nimemsoma huyo mzee mwaka mzima. Najua hakuli vitunguu mbichi. Najua anakoroma. Mtu hawezi tunga mtu anakoroma."

"Nisikize tu kidogo."

"Akirudi mwambie mimi sikujua," alisema Mbuvi, akatoka na kufunga mlango taratibu, jinsi mtu anavyofunga mlango wa wenyewe.

Chakula kilipoa. Mwongeli aliketi kwenye kiti cha plastiki akalia mpaka kamasi zikamchuruzika juu ya kitenge kipya, na hakujali.

Siku zilizofuata saa kumi na mbili ilipita kimya. Alipopiga yeye, simu haikupokelewa. Nawe msomaji hebu jaribu, kama unaona ni rahisi: mtu aliyepo unaweza kumwonyesha, ana kitambulisho na viatu mlangoni. Asiyekuwepo utamtolea ushahidi gani? Mwongeli alizunguka na swali hilo nyumba nzima, vyumba vyote viwili.

Mwishowe alifungua tovuti akaandika makala fupi kuliko zote. *Mzee wangu hayupo. Hakuwahi kuwepo. Naishi peke yangu, na vikombe vyote viwili ni vyangu. Sufuria ni nzuri, hilo ni kweli. Naomba msamaha.* Wengine walimcheka. Wengine walimtukana, wakaapa hawatabonyeza tena kitu chake, na kweli hawakubonyeza. Mwanamke mmoja aliandika kwamba alikuwa akimsomea mumewe makala hizo apate kuiga, sasa afanye nini. Mwongeli aliyasoma yote, akitafuta jina moja tu.

Mbuvi alituma ujumbe kesho yake. "Nimesoma. Sasa nitajuaje ni gani ya kweli, hii ama zile zingine?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Palibaki shahidi mmoja duniani, naye ni mamake, mjane, kule Tawa. Mbuzi wa ntheo hupokelewa na wazazi. Lakini kwa mamake ndiko Mwongeli alikokuwa amepunguza kwenda, miaka na miaka, kwa sababu mama hakuwa na la kuuliza tena na kimya chake kilimchoma. Kumpeleka Mbuvi huko ni kumfanya mama aseme kwa mdomo wake jambo ambalo wote wawili walikubaliana, bila kukubaliana, kutolisema kamwe. Mficha uchi hazai, alijiambia, akapiga moyo konde.

"Jumamosi naenda Tawa," aliandika. "Kama kuna mwanaume alileta mbuzi, mama yangu ndiye alipokea. Kuja umuulize wewe mwenyewe. Mimi sitaongea."

Hakujibiwa. Lakini Jumamosi saa nne asubuhi, Mbuvi alikuwa amesimama langoni Tawa, shati lile lile jeupe, kofia mkononi.

Mama aliwakaribisha barazani. Alikuwa mwembamba, leso imefungwa barabara kiunoni, na macho yake yalimpima mgeni kutoka viatu kwenda juu. Walizungumza Kikamba, kama nyumbani.

"Mama," alisema Mbuvi, "nina swali moja, na usione nimekudharau. Kuna mtu aliyeleta mbuzi wa ntheo hapa kwa ajili ya Mwongeli?"

Mama alimtazama bintiye, kisha akainua kidevu. "Watu walikuja," alisema. "Walikuja wengi. Mwanangu hakukosa watu wa kumtaka."

Mwongeli alihisi dunia inamponyoka. Mamake alikuwa akimtetea, na kila neno la kumtetea lilikuwa linamzika. Mbuvi alianza kugeuza kofia mkononi kama anayetaka kuinuka.

"Mwaitu, mama yangu," alisema Mwongeli, akivunja ahadi yake ya kunyamaza. "Mwambie ukweli. Nakuomba."

"Ukweli gani?"

"Ule unaoujua."

Kuku alipita barazani, akatoka. Mama aliitazama mikono yake.

"Wadogo zake wawili walijiwa," alisema hatimaye. "Kwa ajili ya huyu nilinunua kitambaa kizuri cha meza, nikakiweka sandukuni. Kila Desemba nakitoa, nakifua, nakianika, nakirudisha. Ni miaka kumi na tatu. Hakuna mtu aliyewahi kuingia hapa akimuulizia, mwanangu. Hata kwa kupotea njia."

Mwongeli aliinamisha kichwa. Miaka mitatu aliandika makala zaidi ya mia ili sentensi hiyo isisikike na mtu yeyote, na sasa imesikika, mchana, mbele ya mtu mmoja aliyetamani amwone vizuri. Alisubiri kusikia hatua za Mbuvi zikienda langoni. Badala yake alisikia kiti kikisogezwa karibu na chake.

"Nisamehe," Mbuvi alimwambia kwa sauti ya chini. "Nilimwonea wivu mtu ambaye hayuko."

Kisha akamgeukia mama. "Basi mimi namuulizia."

Mama aliinuka haraka, akajifuta uso kwa ncha ya leso, akaingia ndani, na wakasikia kifuniko cha sanduku kikifunguliwa na kufungwa, halafu sufuria ikigonga jiko. Baada ya muda alichungulia mlangoni, amejikaza, anajifanya mtu mwenye shughuli.

"Mwongeli, huyu anakunywa chai ya rangi au ya maziwa?"

Mwongeli alifungua mdomo kujibu, akakuta hajui. Alitaka kubuni, kwa mazoea. Kisha akamtazama mwanamume aliyekaa kando yake, mwenye vumbi la njiani kwenye viatu, akageuka kwa mamake.

"Muulize mwenyewe, mwaitu," alisema. "Si yuko hapa."