Koltuni la Tekla

Kaa vizuri, maana lililotokea nyumbani kwa Petronela hutaliamini. Majirani waliona matokeo kwa macho yao, na bado walikataa kuamini!

Siku yenyewe ilianza kawaida tu. Theluji nje, moshi ndani. Petronela anamenya viazi. Mumewe, Walenty, yuko chini ya ardhi kwenye mgodi wa Wieliczka, Poland, anachimba chumvi, harudi mpaka Jumapili. Mama mkwe wake, Bibi Kunegunda, anakoroga supu ya kabichi chachu huku anasali rozari. Na binti, Tekla, miaka tisa, amekaa karibu na jiko, kichwa kimelala upande.

Kimelala kwa uzito. Nyuma ya shingo lilining'inia fundo la nywele, gumu, jeusi, kubwa kama paka. Watu waliliita koltuni. Lilianza miaka miwili nyuma, Tekla alipougua homa. Tangu siku hiyo nywele zake hazikuoshwa wala kuchanwa. Bibi alizipaka mafuta ya nguruwe ili zishikane vizuri. Kila mtu pale alijua: ugonjwa unatoka mwilini, unaingia kwenye nywele. Ukikata nywele, ugonjwa unarudi ndani, na mtu anapofuka au anarukwa na akili.

Lakini wiki hiyo shingo ya Tekla ilivimba. Macho yalitoa usaha. Mwili ulikuwa wa moto.

"Mama, kichwa kinatembea," Tekla alisema kwa sauti ndogo.

Petronela akaacha viazi, akamgusa paji la uso. Mwanawe alikuwa anamponyoka.

"Ni ugonjwa unatoka huo," Bibi akasema. "Muache utoke."

Mlango ukagongwa. Aliingia Salomea, mkunga wa kijiji, aliyesomea kazi yake mjini Kraków. Viatu vimejaa theluji.

"Asifiwe Kristo."

"Milele na milele," Petronela akajibu. "Karibu, Mkunga. Muangalie mtoto."

Salomea akachukua mpini wa kijiko, akainua koltuni kidogo. Harufu ikatoka, Petronela akarudi nyuma. Chini yake ngozi ilikuwa vidonda vitupu, na chawa wamejaa kama mchanga.

"Hili likatwe leo," Salomea akasema.

"Thubutu!" Bibi akaruka. "Dada yangu alikatwa, wiki haikuisha akapofuka! Nani kakutuma? Wale watawala wa Vienna, eh? Tumesikia askari watapita nyumba kwa nyumba na mikasi. Wameigawana Poland vipande vitatu, Mrusi chake, Mprusi chake, Mwaustria chake. Sasa wanataka na nywele zetu!"

"Bibi, nchi wametuchukulia, kweli. Lakini hawa chawa ni wetu wenyewe, hakuna mfalme aliyetuletea."

"Huyo msomi wa Kraków! Mchawi mkubwa!"

Salomea alivua kitambaa chake cha kichwa. Nywele za mvi zilikuwa safi, na nyuma kulikuwa na kovu refu.

"Mimi nilikuwa nalo miaka sita," akasema. "Nililia walipolikata. Sikulala siku tatu nikingoja kupofuka. Leo natunga uzi kwenye sindano bila miwani. Mama Tekla, nisikilize. Koltuni halivuti ugonjwa wowote. Nywele zisipooshwa, jasho, mafuta na usaha vinazigandisha. Chawa wanauma, mtoto anajikuna, vidonda vinaoza. Ugonjwa ndio huo. Tunautunza sisi wenyewe."

"Na dada yake Bibi aliyepofuka?" Petronela akauliza.

"Labda macho yalikuwa yameshaugua kabla. Mkasi ukabeba lawama."

Petronela akamwangalia mwanawe. "Kata wewe, Mkunga."

"Hapana. Nikikata mimi, watasema serikali imekata. Shika wewe, mama yake."

Salomea akampa mkasi wa kukatia manyoya ya kondoo. Akakata mara ya kwanza. Nywele zikalia kama majani makavu. Bibi alipanda juu ya benchi, msalaba mkononi, akipiga kelele za sala. Petronela akakata tena. Akafika katikati.

Hapo Tekla akapiga yowe.

"Mama! Sioni! Mama, sioni kitu!"

Mkasi ukamdondoka Petronela.

"Nilisema!" Bibi akalia. "Umempofusha! Zirudishe, zifunge kwa uzi!"

Petronela alikuwa ameshapiga magoti, anaziokota nywele, anazibana kichwani kwa mwanawe kwa vidole vyote kumi. Salomea akamshika mikono.

"Mama Tekla! Amefumba macho kwa hofu, usaha umeyagandisha, ndiyo maana haoni. Okota mkasi. Ukiacha hapa, vidonda vitamuua."

"Unaapa?"

"Naapa. Lakini mwana ni wako."

Petronela akaokota mkasi. Alikata nusu iliyobaki huku analia, huku mtoto anapiga kelele, mpaka fundo likaanguka sakafuni. Salomea akalitupa motoni. Kisha akaleta maji yaliyochemshwa, ya uvuguvugu, yenye chumvi kidogo, na kitambaa safi. Akalowesha macho ya Tekla polepole. Mara ya kwanza, kope hazikuachia. Mara ya pili, bado.

Kope moja ikaachia. Halafu ya pili.

"Bibi," Tekla akasema, "mbona umepanda kwenye benchi?"

Vidonda vilioshwa kila siku. Homa ikashuka siku ya tano. Walenty aliporudi alimkuta binti mwenye kipara anakula viazi vitatu, akacheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo kila Jumamosi ilikuwa maji ya moto, sabuni na kitana, kichwa cha kila mtu. Bibi naye, baada ya kununa wiki mbili, akainamisha chake kwenye beseni: "Mkinipofusha, nitawalaani nyote." Mpaka Pasaka, nyumba saba zilikuwa zimekata koltuni zao. Hakuna askari aliyeitwa.

Sasa niambie wewe. Nywele ziko nusu, mtoto anapiga yowe haoni, bibi anasema zirudishe, mkunga anasema endelea. Mkasi uko sakafuni. Ungeuokota?