Shuka la Fundi Brashi

Kila mtaa una mtu wake wa kujisifu. Mtaa huu ulikuwa na Fundi Brashi.

Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Kazi yake ilikuwa kuandika mabango kwa mkono. Ukiona duka la viatu au kibanda cha kinyozi chenye herufi zilizosimama wima, na kivuli chekundu upande mmoja, ujue mkono wake umepita hapo.

Fundi Brashi alikuwa na desturi moja. Bango lisipokwisha, halioni mtu. Alilifunika kwa shuka kuukuu la bluu, na mteja akija kuchungulia, alimrudisha kwa maneno matamu.

"Subiri liishe," alimwambia. "Bango langu halitoki nje bila kuvaa."

Binti yake alikulia kwenye karakana yake, miongoni mwa makopo ya rangi. Aliitwa Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi shavuni, aliyoirithi kwa baba yake. Sasa alikuwa chuoni, mwaka wa pili, akisomea usanifu wa matangazo. Chuo kilimpeleka kwenye ofisi moja ya usanifu kwa mafunzo kwa vitendo ya wiki kumi na mbili. Ofisi hiyo ilitengeneza nembo, vifungashio na mabango, yote kwa kompyuta.

Tangu siku hiyo Fundi Brashi alitembea kifua mbele. Hakuna aliyepita karibu naye akasalimika.

"Binti yangu yuko ofisini," alimwambia kinyozi wa jirani.

"Tumesikia, fundi," kinyozi alijibu. "Juzi alikuwa mwanafunzi. Jana alikuwa msanifu. Kesho utatuambia ofisi ni yake."

"Wewe nyoa," alisema Fundi Brashi, na akaondoka akitabasamu.

Ilikuwa Jumatano ya wiki ya tano. Kidoti alikunywa chai akiwa amesimama, mkate akauacha nusu. Mama yake, aliyekuwa akishona sare za shule, alimtazama juu ya cherehani.

"Kazi inaendeleaje?"

"Salama, mama."

"Salama ni salamu. Mimi nimeuliza kazi."

"Inaendelea," alisema Kidoti, akachukua mkoba akatoka.

Mama alisimamisha cherehani. "Baba Kidoti, huyu mtoto hayuko sawa. Siku hizi maneno yanamtoka moja moja."

"Hiyo ni kazi ya akili," alisema Fundi Brashi. "Hata mimi nikichora siongei."

"Wewe? Wewe hata ukilala unaongea." Mama akainuka kutoa vyombo, na hapo akaona daftari juu ya kiti. "Ona, kasahau daftari lake."

Kwa Fundi Brashi, hiyo ilikuwa nafasi aliyoisubiri kwa wiki tano. Akabadilisha shati. Akachana nywele, ingawa zilizobaki hazikuhitaji kazi kubwa. Akatoka mbio na daftari kwapani, bila hata kukumbuka miwani yake.

Njiani alilifungua. Alitaka kufaidi kidogo kazi za mwanawe. Kwa kuwa hakuwa na miwani, alilisogeza mbali na uso mpaka maandishi yakatulia. Jalada lilisema: *Daftari la mafunzo. Lijazwe kila siku. Mwalimu wa chuo atalikagua Ijumaa ya wiki ya sita. Mwanafunzi asiye na kumbukumbu za kazi atarudia mwaka.*

Ukurasa wa kwanza uliandikwa: *Nimepokelewa. Nimeonyeshwa meza yangu.*

Akafunua wa pili. Mweupe. Wa tatu, mweupe. Alifunua mpaka mwisho, na hakukuta hata nukta. Ijumaa ya wiki ya sita ilikuwa wiki ijayo.

Ofisi ilikuwa ghorofani: chumba kirefu, kompyuta sita, na madirisha mapana. Ukuta mmoja ulijaa karatasi zilizobandikwa kwa pini, karibu zote zimekatwakatwa kwa wino mwekundu. Fundi Brashi alishangaa. Watu wazima hawa wanatundikaje makosa yao mbele ya wageni?

Kidoti alikaa pembeni kabisa. Meza yake ilikuwa imegeuzwa, ili mtu asipite nyuma yake. Alipoona kivuli cha mtu, bila hata kuinua macho, alivua mtandio wake na kufunika karatasi zilizokuwa mezani.

Fundi Brashi alisimama pale pale. Alilijua tendo lile. Hakulijua kwa mtandio, alilijua kwa shuka.

"Baba?" alisema Kidoti. "Umefuata nini?"

Kabla hajajibu, mama mmoja mwenye mvi na miwani iliyoning'inia kwa kamba aliwajia. Alikuwa msanifu mkuu, na ofisi nzima ilimwita Shangazi.

"Karibu," alisema. "Kwa shavu hilo, wewe ni baba yake Kidoti."

"Asante, dada." Fundi Brashi aliinua daftari. "Nimeleta hili. Lakini humu ndani hamna kitu."

Shangazi alilipokea, akalifunua taratibu, akalifunga. Aliwavutia viti wote wawili.

"Weupe huu si wa Kidoti peke yake," alisema. "Mimi ndiye mlezi wake wa kazi. Siku ya kwanza tuliandikiana makubaliano: atajifunza nini, na nani atamfundisha. Kila Jumatatu tukae nusu saa. Anionyeshe kazi, aniulize, nimkosoe. Tumekaa mara moja tu. Wateja walinibana. Kila nilipomuuliza aliniambia inaendelea, nikajiridhisha kwamba ni mtulivu na anaelewa. Hapo nimekosea."

Kidoti alikuwa akizungusha kalamu vidoleni.

"Sikutaka kukuonyesha kitu kibovu, Shangazi," alisema. "Nilisema nimalize yote kwanza, ndipo nikuite. Lakini kila siku nafuta, naanza upya. Kwenye daftari ningeandika nini? Leo nimefuta?"

"Nani alikwambia kazi haionyeshwi mpaka iishe?"

Kidoti aliangalia sakafu, na alijitahidi sana macho yake yasimfikie baba yake. Heshima hiyo ilimuuma Fundi Brashi kuliko kama angetajwa.

"Ni mimi," alisema. "Nimemkuza hivyo. Nyumbani nina shuka la kufunikia mabango. Nilidhani namfundisha kujiheshimu."

"Kwako linafaa, fundi," alisema Shangazi. "Una miaka thelathini mkononi. Ukikosea, unajua mwenyewe. Mwanafunzi hajui bado anakosea wapi, na ndiyo sababu chuo kinamleta hapa. Akijifungia na kosa lake, litakua naye." Alionyesha ukuta kwa kidole. "Unaona zile zenye wino mwekundu mwingi? Zote ni zangu. Kila asubuhi nabandika, na hawa vijana wananishambulia."

Wale vijana kwenye kompyuta walicheka bila kugeuka.

"Haya, Kidoti," Shangazi aliendelea. "Fungua hapo."

Kidoti aliinuka akaiendea meza yake. Akaondoa mtandio. Chini yake kulikuwa na vibao kumi na viwili vya zahanati mpya, vya kuwaelekeza wagonjwa: mapokezi, maabara, dawa, chumba cha sindano. Herufi zilikuwa nyembamba, za kijani kibichi, zimepangwa kwa utulivu. Fundi Brashi alitamani kuziita nzuri, lakini Shangazi hakusema nzuri wala mbaya. Alichukua karatasi moja, akaenda kuibandika mwisho wa chumba, kisha akarudi.

"Nani atasoma hiki kibao?"

"Mgonjwa," alisema Kidoti.

"Mgonjwa wa namna gani?"

Kidoti alifikiri. "Pengine mzee. Pengine mama mwenye mtoto mgongoni, mtoto analia."

"Atakuwa wapi?"

"Mlangoni. Ndiyo kwanza anaingia."

Shangazi alimgeukia Fundi Brashi. "Baba, una miwani?"

"Nimeisahau. Nilikuwa na haraka ya shati."

"Vizuri. Wewe leo ni mgonjwa wetu. Nenda mlangoni utusomee."

Fundi Brashi alikwenda. Akakunja uso, akanyoosha shingo, akasogea kulia, akasogea kushoto.

"Mwanangu, nisiseme uongo," alisema. "Naona sisimizi wamepanga foleni."

Ofisi nzima ilicheka. Kidoti alicheka pia, kwanza kwa mkono mdomoni, halafu waziwazi. Baba yake hakuwa amekisikia kicheko hicho kwa wiki kadhaa.

Kisha Kidoti alifanya jambo ambalo hakuna aliyemtuma. Aliinuka, akachukua kalamu nyekundu ya Shangazi, akaenda kukizungushia duara kibao chake mwenyewe.

"Baba," aliuliza, "bango la kusomwa ng'ambo ya barabara, unajuaje unene wa herufi?"

"Naandika moja. Navuka barabara, nafumba macho nusu. Nikiisoma hivyo, hata asiye na miwani ataisoma."

"Hilo liandike kwenye daftari," alisema Shangazi. "Uliza swali, andika jibu, andika na aliyekujibu. Hiyo ni kumbukumbu ya kazi."

Kidoti alilishika daftari. "Na hizi siku zilizopita nijaze leo?"

"Usitunge. Andika ukweli. Kwamba hukuonyesha kazi, na sababu yake. Kwamba nusu saa zetu hazikufanyika. Andika tulichokubaliana leo. Mimi nitasaini chini yake, na kosa langu likiwemo."

Fundi Brashi alirudi nyumbani polepole. Mkewe alimpokea kwa macho.

"Ulisema hayuko sawa," alisema Fundi Brashi. "Ulikuwa sahihi."

"Rudia hiyo ya mwisho," alisema mama.

Tangu hapo Kidoti alibadili njia. Jumatatu iliyofuata alikaa na Shangazi nusu saa, na siku Shangazi alipobanwa, Kidoti mwenyewe alimfuata na kusema, "Nina maswali matatu." Vibao vyake aliviweka ukutani vikiwa bado vibichi. Alikwenda zahanati kumwuliza muuguzi wagonjwa hupotelea wapi. Alimwuliza mlinzi watu humsumbua kwa swali gani. Jioni alijaza daftari mezani, baba yake akijifanya anatafuta kitu karibu ili achungulie.

Ijumaa ya wiki ya sita ikafika. Siku hiyo Fundi Brashi alipaka herufi moja tu, nayo akaifuta. Kidoti alipotokea kwenye kona ya barabara, kinyozi aliacha kichwa cha mteja katikati na kutoka nje kusikiliza.

"Mwalimu amesoma daftari lote," alisema Kidoti. "Alisoma polepole mpaka nikamaliza kuzitafuna kucha. Halafu akasema madaftari mengi anayoletewa, kila kitu ndani yake kimekwenda vizuri. Akasema, hili nimeliamini. Naendelea, baba. Sirudii mwaka."

Fundi Brashi alifungua mdomo aseme kitu. Mara ya kwanza katika maisha yake mtaani hapo, maneno yalimkwama. Kinyozi ndiye aliyesema, "Hongera, binti yetu," akarudi kwa mteja wake.

Wiki ya kumi na mbili, zahanati ilifungua milango. Fundi Brashi na mkewe waliwahi asubuhi wakakaa kwenye benchi la mapokezi, ingawa hakuna aliyekuwa akiumwa. Vibao vilikuwa ukutani: herufi nene, nyeupe juu ya bluu, kila kimoja na mshale na picha yake.

Bibi mmoja aliingia na mkongojo. Alisimama mlangoni akapumua. Fundi Brashi alivua miwani yake, akafumba macho nusu, akatazama anakotazama yule bibi. MAABARA, alisoma, bila shida yoyote. Bibi naye alisoma. Hakumwuliza mtu. Aligeuka kushoto, akafuata mshale, akaingia maabara.

Macho ya Fundi Brashi yalilowa, na hakuyaficha. Alimwinamia mlinzi. "Vile vibao pale..."

"Ni vya binti yako," alisema mlinzi. "Umeshaniambia mara tatu tangu ufike."

"Basi hii ni ya nne," alisema mama, naye akajinyoosha kwenye benchi, shingo juu.

Jumamosi iliyofuata Kidoti alimkuta baba yake kwenye karakana. Alikuwa akiandika bango la mshonaji wa sare za shule, yaani bango la mkewe, ambaye kwa miaka yote alishonea watu bila bango. Herufi nne zilikuwa na rangi. Zilizobaki zilikuwa chaki tu. Kidoti alipoona halijaisha, aligeuka aondoke, kama alivyofanya tangu utotoni.

"Unakwenda wapi?" aliuliza baba yake. "Nimekusubiri wewe."

Hapo ndipo Kidoti aliona lile shuka la bluu. Lilikuwa chini, limetandikwa sakafuni kuzuia matone ya rangi. Fundi Brashi alikuwa amesimama juu yake kwa miguu yote miwili.

Kidoti alivuka barabara, akageuka, akafumba macho nusu.

"Herufi ya tatu, baba," aliita kutoka ng'ambo, mtaa mzima ukisikia. "Imekonda."

Fundi Brashi aliitazama herufi ya tatu kwa muda. Kisha akachovya brashi.