Sindano Iliyomzunguka Klara

Jua lilikuwa limebakiza kiganja kimoja kuzama wakati Onesmo alipoiondoa motaboti kwenye mwalo wa Nkome, mkewe Klara akiwa amelazwa sakafuni, karibu na usukani. Safari hiyo kwa kawaida ilikuwa ya kupeleka marobota ya pamba Mwanza. Jioni hiyo hakukuwa na pamba. Uchungu ulimshika Klara tangu asubuhi, mkunga alimpapasa akasema mtoto amelala kikingamo, na daktari wa kupasua alikuwa ng'ambo ya ziwa, Mwanza. Mimba mbili zilikwisha kuharibika. Hii ya tatu Onesmo alikuwa ameilea kama yai.

Mama mkwe, Mektilda, alisimama mbali penye vichanja vya dagaa, amewapa mgongo. Kwao ndiyo heshima: mama hamtazami mkwewe usoni, wala hamsemeshi. Alikuwa amemfunga bintiye mkanda mweusi kiunoni, wenye kifuko kilichoshonwa pande zote.

"Klara," aliita bila kugeuka, "mwambie mwenzio, mkanda huo usitoke mpaka mtoto alie."

Onesmo aliitikia kwa kichwa, akayahesabu kuwa mambo ya akina mama. Kifukoni mna nini, hakuuliza. Angemuuliza nani?

Sasa, Onesmo alikuwa na kawaida moja iliyowachekesha mabaharia wenzake. Ramani yake ya ziwa ilichapwa kabla ya vita vya dunia, na sindano ya dira haielekei kaskazini kamili. Hupotoka kidogo, na upotofu wenyewe hubadilika mwaka hadi mwaka. Basi kila Machi, jua linapozama magharibi barabara, yeye huligeukia, akasoma dira, akapiga hesabu kupata upotofu wa mwaka huo. Wenzake walisema huyu bwana hata kanisani hupima kwanza altare imeelekea wapi.

Jioni hiyo ya Machi alipima kwa woga. Mawingu yalikuwa yamefunika juu, nyota zisingeonekana, na mbele kulikuwa na majabali yaliyokwisha kupasua boti za watu. Jua likachungulia chini ya wingu. Akasoma. Upotofu ulipaswa kuwa nyuzi mbili.

Ulikuwa ishirini na nane.

Akapima tena. Ishirini na nane. Akasogeza panga. Akasukuma mbali debe la mafuta. Sindano haikutikisika. Kisha Klara akajigeuza kwa maumivu... na sindano ikageuka naye.

"Una nini kiunoni?" Onesmo alinong'ona.

"Jiwe. Mama alilitoa vilimani, huko Geita. Lile linalonasa misumari."

Giza lilikuwa linaingia. Onesmo akamwita Makoye, fundi wake wa injini.

"Shika mkanda huu, ukae nao mbele kabisa. Tukishavuka majabali utamrudishia."

Makoye alirudisha mikono nyuma. "Nahodha, hiki si kitu cha kuvua."

"Nikigonga jabali, kitamfaa nini?"

Klara alimkamata mkono. Alimtazama usoni, na Onesmo akajiona mkatili. Hata hivyo alilifungua lile fundo kwa vidole vyake mwenyewe. Makoye alipofika mbele na mkanda, sindano ilirudi mahali pake, nyuzi mbili kamili, na Onesmo akashusha pumzi. Hesabu ilikuwa imekubali.

Wakaingia kwenye majabali.

Kwanza ilikuja harufu. Udongo mbichi... udongo wa shimo lililochimbwa sasa hivi. Katikati ya maji.

Kisha sindano ikaanza kutembea.

Ilikwenda taratibu, upande wa kulia, kama inamfuata mtu anayepita nje ya boti. Ikazunguka nyuma. Ikatokea kushoto. Onesmo aliinua kitaa cha shaba, akamulika maji. Hakuna kitu. Injini ilinguruma, na chini ya ngurumo hiyo alisikia chap... chap... nyayo zilizolowa.

"Makoye!" Sauti ilitoka nyembamba, ikamezwa na injini. "Lete mkanda!"

Jabali moja lilikuwa kulia, jingine kushoto, nafasi ya boti moja tu. Akiuachia usukani wanakufa wote. Akiushika... Aliushika. Machozi yalikuwa yanamtoka na mikono haikuondoka.

Sindano ilizunguka tena. Safari hii ilisimama.

Ilimwelekea Klara.

Klara akavuta pumzi ndefu, ya mtu aliyetuliwa mzigo. Kilio cha uchungu kikakoma. Sindano ikakaa pale kidogo, halafu ikaondoka polepole, ikaelekea nje, upande wa kushoto, nyuma yao. Onesmo alizisoma nyuzi zake kwa mazoea tu. Ikatetemeka, kisha ikarudi kaskazini.

Makoye alikuja mbio baada ya jabali la mwisho, wakamfunga Klara mkanda. Dira haikujali tena. Jiwe lilikuwa jiwe tu.

"Maumivu yameisha," Klara alisema kwa usingizi. Onesmo alimshukuru Mungu. Hata Mwanza, alipombeba kutoka gatini na kumwona mwepesi, alidhani ni furaha yake mwenyewe iliyompa nguvu.

Hospitalini, sista wa zamu alimpapasa Klara kwa muda mrefu. Akamwita daktari. Daktari naye akapapasa, akamtoa Onesmo nje.

"Bwana, humu hamna mtoto."

Alieleza kwa upole kwamba hamu kubwa ya mtoto huweza kuvimbisha tumbo la mwanamke, likaja kunywea lenyewe. Huenda ndivyo. Lakini mkunga wa Nkome alikishika kichwa kwa mikono yake, na Onesmo alikwisha kupigwa teke na mtoto huyo mara nyingi usiku, amelala ubavuni mwa Klara.

Alichukua ramani, akazitoa nyuzi mbili za upotofu, akapiga mstari kuelekea kule sindano ilikokwenda. Mstari ulipita kwenye maji matupu mpaka ukaishia ukingoni mwa karatasi. Ameufuata mara nyingi. Huzima injini na kusikiliza, halafu hurudi nyumbani, kwa kuwa hajui afanye nini kingine.

Maziwa ya Klara hayakukauka. Kila siku humjaa hadi kifua kikamuuma, na kila jua linapozama humwisha, bila kukamuliwa, naye amekaa kizingitini, ameinamisha kichwa kama mama yeyote anayenyonyesha.

Jioni moja ya Oktoba alishtuka, akafungua blauzi. Palikuwa na alama mbili ndogo, na tone la damu.

"Ameota meno," alisema.

Onesmo alipiga magoti mbele yake. Alimwambia kesho waende Mwanza, kuna dawa ya kukausha maziwa, yaishe, wapumzike.

Klara alijifunika kifua kwa mikono yote miwili.

"Halafu mwanao ale nini?"